Ugumba wa wanaume: Kipimo rahisi kinachofanywa mwisho

NOVEMBA 28, mwaka 2025, Shirika la Afya Duniani, WHO, lilitoa mwongozo wake wa kwanza wa kimataifa kuhusu kinga, uchunguzi na tiba ya ugumba. Mwongozo huo wenye mapendekezo 40 ulitanguliwa na ripoti ya Aprili 2023, ambayo shirika hilo lilieleza kwamba takriban mtu mzima mmoja kati ya sita duniani hukumbwa na tatizo la kukosa uzazi katika kipindi fulani cha maisha yake.

Katika ripoti hiyo ya mwaka 2023, tofauti kati ya matajiri na maskini ilikuwa ndogo mno. Katika nchi zenye kipato cha juu, waliopata tatizo hilo walikuwa asilimia 17.8 ya watu wazima. Katika nchi zenye kipato cha kati na cha chini walikuwa asilimia 16.5. Ugumba, kwa hiyo, haumchagui mtu kwa mfuko wake, ila tiba yake ndiyo inayochagua.

Lakini uko ubaguzi mwingine ambao hauanzii hospitalini wala benki. Huo huanzia nyumbani. Ndoa inapotimiza mwaka mmoja au miwili bila mtoto, anayetumwa kwa daktari ni mke. Ndiye anayetolewa damu, ndiye anayepigwa picha za mirija ya uzazi, ndiye anayenyweshwa mitishamba iliyoletwa na mawifi, na mara nyingi ndiye anayerudishwa kwao. Mume huitwa mwishoni kabisa, na wapo wasiokwenda hata wakiitwa.

Kuchelewa huko kuna gharama kubwa. Tafiti za miongo kadhaa zimeonyesha kwamba baadhi ya sababu za ugumba wa wanaume zinatibika, kwamba nyingine zinaweza kukwepwa kwa teknolojia, na kwamba kipimo cha kuanzia ni miongoni mwa vipimo vyepesi zaidi vya maabara. Hata hivyo, sayansi hiyo yote haimfai mtu ambaye hajapimwa. Na kila mwaka unaopita kabla ya mume kupimwa ni mwaka unaopunguza uwezekano wa mke kushika mimba.

Nusu ya tatizo

Kitaalamu, ugumba ni kushindwa kupata mimba baada ya miezi 12 au zaidi ya kujamiiana mara kwa mara bila kinga. Tafsiri hiyo inawahusu watu wawili, na tafiti nazo zinawaonyesha watu wawili.

Utafiti mmoja unaotajwa sana ulifanyika katika mikoa mitatu ya Ufaransa kati ya mwaka 1988 na 1989, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 1991. Watafiti waliwachunguza wanandoa waliofika hospitali kwa tatizo la uzazi, mke na mume. Walibaini kwamba chanzo kilikuwa kwa mwanamke peke yake katika asilimia 30 ya wanandoa hao, kwa mwanamume peke yake katika asilimia 20, na kwa wote wawili katika asilimia 39. Ukijumlisha, mwanamume alihusika katika karibu ndoa sita kati ya kila 10.

Viwango hivyo hutofautiana kutoka nchi moja hadi nyingine, lakini picha ya jumla haijabadilika. Wataalamu wa uzazi leo hukadiria kwamba mwanamume anachangia katika takriban nusu ya ndoa zinazokosa mtoto.

Kwa nini basi macho yote humwelekea mke? Sababu ya kwanza ni kwamba mimba hukaa kwake, na kutokuwapo kwake huonekana kwake. Sababu ya pili ni namna tiba yenyewe ilivyojengeka. Mwanamke ana tawi zima la udaktari linaloshughulikia uzazi wake, lenye kliniki katika kila hospitali kubwa. Tawi linaloshughulikia uzazi wa mwanamume ni dogo na changa, na wagonjwa wake wengi huangukia mikononi mwa madaktari wa upasuaji wa njia ya mkojo ambao tayari wana foleni ndefu ya kazi nyingine.

Historia inaonyesha kwamba mambo yangeweza kuwa vinginevyo. Mbegu ya kiume ilionekana mapema sana. Mwaka 1677, Mholanzi Antonie van Leeuwenhoek aliitazama kwa hadubini aliyoitengeneza mwenyewe mjini Delft na kuwaandikia wanasayansi wa London habari zake. Yai la mamalia lilikuja kutambuliwa na Karl Ernst von Baer mwaka 1827, yaani miaka 150 baadaye. Pamoja na kutangulia huko, mwanamume ndiye aliyekuja kuwa wa mwisho kuchunguzwa.

Sababu ya tatu ni ya kijamii, na huenda ndiyo nzito kuliko zote. Wahenga walisema kitanda hakizai haramu. Msemo huo uliwalinda watoto na kuzinusuru ndoa, lakini pia ulisaidia kuficha udhaifu ambao hakuna aliyetaka kuutaja. Mwanamume ambaye mkewe amejifungua hakuulizwa lolote. Na ambaye mkewe hakujifungua alishauriwa kuongeza mke wa pili. Pale ambapo naye hakuzaa, lawama zilihamia kwake, na wa kwanza hakuombwa radhi.

Nguvu na mbegu ni vitu viwili

Mkanganyiko mkubwa katika jamii ni ule wa kuchukulia kwamba mwanamume mwenye nguvu za kiume hawezi kuwa mgumba. Lugha ya Kiswahili yenyewe hutenganisha mambo hayo: hanithi ni mmoja na mgumba ni mwingine. Mtu anaweza kushiriki tendo la ndoa bila tatizo lolote, akatoa majimaji ya kawaida kwa macho, na ndani yake kusiwe na mbegu hata moja.

Hali hiyo ya kukosa mbegu kabisa inakadiriwa kuwapata takriban asilimia moja ya wanaume wote, na kati ya asilimia 10 na 15 ya wanaume wenye tatizo la uzazi. Wengi wao hawana dalili yoyote. Hawana maumivu, ndevu wanazo, sauti ni nzito na afya ni njema. Hakuna njia ya kulijua jambo hilo isipokuwa hadubini.

Ndiyo maana kipimo cha shahawa ni cha lazima, na ndiyo maana inashangaza kwamba kinacheleweshwa. Hakihitaji upasuaji, dawa ya usingizi wala mashine za mamilioni. Kinahitaji chombo safi, hadubini nzuri, kibao maalumu cha kuhesabia na mtaalamu wa maabara aliyefunzwa. Mwanamume huombwa kujizuia kwa siku mbili hadi saba kabla ya kutoa sampuli, na sampuli huchunguzwa ndani ya saa moja.

WHO imekuwa ikitoa kitabu cha mwongozo wa kipimo hicho tangu mwaka 1980. Toleo la sita lilitoka mwaka 2021, na viwango vyake vilitokana na wanaume zaidi ya 3,500 kutoka nchi 12 ambao wake zao walishika mimba katika kipindi kisichozidi mwaka mmoja. Kwa mujibu wa toleo hilo, asilimia 95 ya wanaume hao walikuwa na mbegu milioni 16 au zaidi katika kila mililita, na angalau asilimia 42 ya mbegu zao zilikuwa zikitembea.

Ikumbukwe kwamba idadi hiyo haitenganishi wanaozaa na wasiozaa. Asilimia tano ya wale akina baba walikuwa chini ya milioni 16 na bado walipata watoto. Pia data kutoka Afrika kusini mwa Sahara zilibaki kuwa pengo katika viwango hivyo, jambo linaloonyesha kwamba mwanamume wa Mwanza au Kisumu hupimwa kwa kipimio kilichotengenezwa kwa wanaume wa kwingine.

Jambo jingine ambalo wanaume wengi hawaelezwi ni muda. Mbegu moja huchukua takriban siku 74 kutengenezwa ndani ya korodani, kisha huhitaji siku kadhaa kukomaa katika mirija inayoihifadhi. Mtu aliyeugua homa kali ya malaria leo anaweza kupimwa baada ya miezi miwili na kuonekana ana mbegu chache, ilhali hali hiyo ni ya kupita tu. Kwa sababu hiyo kipimo kibaya hurudiwa, na tiba yoyote haihukumiwi kabla ya miezi mitatu kupita.

Sababu zinazotibika

Baada ya kipimo ndipo huja swali la chanzo. Hapa watafiti wamepiga hatua katika baadhi ya maeneo, na kukwama katika mengine.

Chanzo kinachoonekana mara nyingi zaidi ni kuvimba kwa mishipa ya damu inayotoka kwenye korodani, hali iitwayo varikoseli. Damu hutuama, joto hupanda, na korodani ambazo kwa kawaida hufanya kazi katika joto lililo chini kidogo ya lile la mwili hushindwa kutengeneza mbegu vizuri. Hali hiyo hupatikana kwa takriban asilimia 15 ya wanaume wote, wengi wao wakiwa wazazi, lakini miongoni mwa wanaume wenye ugumba hufikia asilimia 35 hadi 40. Upasuaji wa kuifunga mishipa hiyo huongeza idadi na mwendo wa mbegu kwa wengi wanaochaguliwa vizuri.

Chanzo cha pili ni kuziba kwa njia. Korodani hutengeneza mbegu, lakini mbegu hazipiti. Katika ukanda huu, sababu zinazopaswa kufikiriwa mapema ni magonjwa ya zinaa yasiyotibiwa, hasa kisonono na klamidia. Kijana anayejinunulia vidonge viwili vitatu dukani na kuacha dozi akiona nafuu anaweza kulipa gharama yake miaka 10 baadaye, akiwa mume wa mtu. Mwongozo wa WHO wa mwaka 2025 umeyataja magonjwa ya zinaa yasiyotibiwa na uvutaji wa tumbaku miongoni mwa visababishi vikuu vinavyoweza kuepukwa. Matumbwitumbwi yanayompata mvulana baada ya kubalehe nayo huweza kuziharibu korodani.

Chanzo cha tatu ni homoni. Korodani hufanya kazi kwa amri kutoka katika tezi iliyo chini ya ubongo. Amri hiyo ikikosekana, uzalishaji husimama. Hawa ni wachache, lakini ndio wenye bahati kuliko wote, kwa kuwa wakipewa homoni zinazokosekana kwa miezi kadhaa, wengi huanza kutoa mbegu na kupata watoto kwa njia ya kawaida.

Kinyume chake ni wale wanaojidunga homoni wasizozihitaji. Vijana wanaojenga misuli hutumia sindano za testosteroni au dawa zinazofanana nayo wakiamini zinaongeza uanaume. Matokeo yake huwa tofauti na matarajio. Homoni hiyo ikitoka nje ya mwili, ubongo hudhani ipo ya kutosha na kuacha kuziamrisha korodani. Katika majaribio yaliyoratibiwa na WHO na kuchapishwa mwaka 1990 na 1996, sindano ya testosteroni ya kila wiki ilijaribiwa kama njia ya uzazi wa mpango kwa wanaume, na ilizuia mimba kwa kiwango kikubwa. Wengi hurejea katika hali ya kawaida wakiacha, ila inaweza kuchukua miezi mingi. Bado wapo wanaume wanaotafuta mtoto huku wakijidunga dawa inayomzuia.

Mazungumzo ya wafanyakazi wa Lathrop

Kazi pia inaweza kumnyima mtu uzazi. Mwaka 1977, wafanyakazi wa kiwanda kimoja cha kemikali za kilimo katika mji wa Lathrop, jimbo la California nchini Marekani, walianza kuulizana kwa nini hakuna mwenzao aliyepata mtoto siku za karibuni. Walipopimwa, wengi walikutwa na mbegu chache mno au hawakuwa nazo kabisa. Walikuwa wakitengeneza DBCP, sumu ya kuua minyoo ya udongoni.

Kilichotia uchungu zaidi ni kwamba onyo lilikuwapo. Tangu mwaka 1961, utafiti uliochapishwa ulikuwa umeonyesha kwamba korodani za panya waliovuta hewa yenye sumu hiyo zilisinyaa. Hakuna aliyewapima wanaume. Marekani ilipiga marufuku matumizi yake mengi mwaka 1979, lakini tayari maelfu ya vibarua wa mashamba ya migomba katika nchi za Amerika ya Kati walikuwa wameishika kwa mikono yao, na kesi zao ziliendelea mahakamani kwa miongo kadhaa.

Somo hilo halijapitwa na wakati. Afrika Mashariki ina mashamba ya maua, mboga, pamba na kahawa, na kwa wengi wanaopulizia dawa kinga pekee ni kitambaa puani. Kiwanda cha Lathrop kiligunduliwa kwa sababu wanaume walithubutu kuzungumza juu ya jambo ambalo kwa kawaida huonewa aibu.

Sindano iliyozaliwa Brussels

Mtoto wa kwanza aliyetungwa nje ya mwili, Louise Brown, alizaliwa nchini Uingereza Julai 25, mwaka 1978. Teknolojia hiyo ilibuniwa kwa ajili ya wanawake walioziba mirija, na haikumsaidia sana mwanamume mwenye mbegu chache, kwa sababu ilihitaji maelfu ya mbegu zenye nguvu kulizunguka yai.

Mabadiliko yalikuja mwaka 1992. Gianpiero Palermo na wenzake katika chuo kikuu cha lugha ya Kiholanzi mjini Brussels, Ubelgiji, walitangaza mimba za kwanza zilizotokana na kuichukua mbegu moja kwa sindano nyembamba kuliko unywele na kuiingiza ndani ya yai moja kwa moja. Kuanzia hapo, mwanamume mwenye mbegu chache sana aliweza kuwa baba.

Mwaka 1999, daktari Peter Schlegel wa New York alieleza upasuaji wa kutafuta mbegu ndani ya korodani kwa msaada wa hadubini. Kwa wanaume ambao shahawa zao hazina mbegu kwa sababu korodani hazizalishi vizuri, upasuaji huo hupata mbegu kwa karibu nusu yao, wakiwamo baadhi ya waliozaliwa na kromosomu moja ya ziada, hali iliyoelezwa na Harry Klinefelter mwaka 1942.

Ni mafanikio makubwa, lakini yana upande wa pili. Sindano hiyo haimponyi mwanamume. Inalikwepa tatizo lake, na mzigo wa kulikwepa unabebwa na mke. Mwanamke ambaye hana ugonjwa wowote hudungwa sindano za homoni kwa siku 10 hivi, mayai yake huvutwa kwa sindano akiwa amelazwa kwa dawa, na huweza kupata madhara ya mayai kuchochewa kupita kiasi. Aidha, pale ambapo tatizo la baba linatokana na kipande kilichopotea katika kromosomu Y, kila mtoto wa kiume atakayezaliwa atarithi upungufu uleule.

Zaidi ya hayo, wapo wakosoaji ndani ya taaluma yenyewe wanaosema kwamba mafanikio ya sindano yalipunguza hamu ya kutafuta chanzo. Kama mbegu moja inatosha, kwa nini mtu ahangaike kujua kwa nini nyingine hazipo? Hadi leo, kwa sehemu kubwa ya wanaume wenye mbegu chache, madaktari hawapati sababu ya kuwaeleza.

Je, mbegu zinapungua?

Mjadala uliowatisha wengi ulianza mwaka 1992, watafiti wa Denmark walipochapisha uchambuzi uliodai kwamba wastani wa mbegu katika mililita moja ulishuka kutoka milioni 113 mwaka 1940 hadi milioni 66 mwaka 1990. Mwaka 2017, timu iliyoongozwa na Hagai Levine wa Israel ilikusanya tafiti 185 na kuripoti kushuka kwa zaidi ya asilimia 50 kati ya mwaka 1973 na 2011 miongoni mwa wanaume wa Amerika ya Kaskazini, Ulaya, Australia na New Zealand. Mwaka 2022, timu hiyohiyo iliongeza data za Afrika, Asia na Amerika ya Kusini na kusema hali inafanana.

Wapinzani wao wanahoji kama mbegu zilizohesabiwa mwaka 1973 zinaweza kulinganishwa na za leo, kwa kuwa mbinu za kuhesabu zilibadilika na wanaokubali kupimwa si mfano wa wanaume wote. Uchambuzi wa watafiti wa Cleveland Clinic uliochapishwa mwaka 2025 kuhusu wanaume wa Marekani haukuona kushuka kukubwa kiasi hicho.

Kwa msomaji wa kawaida, mvutano huo usiwe sababu ya hofu wala ya kupuuza. Mambo yanayokubalika na pande zote ni yaleyale: tumbaku, unene uliokithiri, ulevi, joto kali na baadhi ya kemikali havina urafiki na korodani.

Vidonge vya mitaani

Pengo lililoachwa na tiba hujazwa na soko. Mabango ya dawa za kuongeza mbegu yamebandikwa kwenye nguzo za umeme na vituo vya daladala, na matangazo ya virutubisho husikika redioni. Mengi husisitiza madini ya zinki na vitamini.

Madai hayo yamejaribiwa. Nchini Marekani, wanandoa 2,370 waliokuwa wakitafuta matibabu ya uzazi walishirikishwa katika utafiti ambao nusu ya wanaume walipewa zinki pamoja na asidi ya foliki kwa miezi sita, na nusu nyingine vidonge visivyo na dawa. Matokeo yalichapishwa Januari 2020. Waliojifungua walikuwa asilimia 34 katika kundi la dawa na asilimia 35 katika kundi lisilo na dawa. Tofauti iliyoonekana ni kwamba waliomeza dawa walisumbuliwa zaidi na tumbo.

Fedha zinazoishia kwenye chupa hizo zingetosha kulipia kipimo, na pengine upasuaji mdogo. Hasara kubwa zaidi, hata hivyo, ni muda. Mke wa miaka 33 anayesubiri chupa ya tano iishe anakaribia umri ambao mayai yake hupungua kwa kasi, na hakuna dawa ya mumewe itakayourudisha umri huo.

Matumaini ya maabara

Utafiti haujasimama. Mwaka 2011, wanasayansi wa Japani walitengeneza mbegu za panya nje ya mwili kutokana na vipande vya korodani vya panya wachanga. Mwaka 2019, watafiti wa Pittsburgh, Marekani, walitangaza kuzaliwa kwa nyani mdogo wa kike aliyepewa jina Grady, ambaye baba yake alitolewa kipande cha korodani kabla ya kubalehe, kikagandishwa na baadaye kupandikizwa chini ya ngozi yake.

Kazi hiyo inalenga zaidi wavulana wenye saratani, na ina uhusiano wa karibu na ukanda huu. Saratani ya Burkitt, inayowapata watoto, ilielezwa na daktari Denis Burkitt mwaka 1958 kutokana na wagonjwa aliowaona Mulago, mjini Kampala. Leo watoto wengi wanaowahi hospitali hupona. Lakini saiklofosfamaidi, dawa iliyo msingi wa tiba yake, inajulikana kudhuru chembe zinazotengeneza mbegu, hasa ikitumiwa kwa wingi. Mwanamume mzima anaweza kuhifadhi mbegu zake kabla ya tiba, teknolojia iliyokuwapo tangu miaka ya 1950. Mtoto wa miaka saba hana mbegu za kuhifadhi. Kwa mtoto huyo, tishu iliyogandishwa ndiyo tumaini, ingawa kwa binadamu bado njia hiyo iko katika majaribio.

Mwaka 2025, watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia mjini New York walieleza mtambo unaotumia akili mnemba kuichunguza sampuli ya shahawa kwa kupiga mamilioni ya picha. Kwa mwanamume ambaye yeye na mkewe walikuwa wametafuta mtoto kwa karibu miaka 20, mtambo ulipata mbegu mbili hai zilizotosha kuanzisha mimba.

Kinachowezekana hapa

Afrika Mashariki si mgeni wa teknolojia hizi. Uganda ilipata mtoto wake wa kwanza aliyetungwa nje ya mwili mwaka 2004, na Kenya mwaka 2006. Tatizo ni bei. WHO yenyewe imekiri kwamba katika baadhi ya nchi, mzunguko mmoja tu wa tiba hiyo hugharimu mara mbili ya kipato cha wastani cha kaya kwa mwaka. Kwa mkulima au mwalimu, hilo ni shamba au nyumba.

Ndipo umuhimu wa kipimo cha mapema unapoonekana. Mwanamume anayegundulika mapema kuwa na varikoseli, maambukizi, upungufu wa homoni au tabia ya kujidunga anaweza kusaidiwa kwa gharama ndogo na karibu na nyumbani. Anayegundulika baada ya miaka minane ya kumhangaisha mkewe hubakiwa na njia ile ya gharama kubwa tu, na wakati mwingine hata hiyo huwa imechelewa.

Hatua zinazohitajika hazisubiri wafadhili wakubwa. Kliniki za uzazi zinaweza kuweka utaratibu kwamba faili la wanandoa wanaotafuta mtoto haliendelei mpaka wote wawili wamepimwa. Hospitali za mikoa na kaunti zinaweza kuhakikisha kwamba wataalamu wao wa maabara wamefunzwa kuhesabu mbegu kwa viwango vya WHO, kwa maana kipimo kilichofanywa ovyo huumiza kuliko kutopima. Chumba kimoja chenye mlango unaofungwa, ambamo mwanamume anaweza kutoa sampuli bila kuaibishwa, huweza kuwaleta wengi ambao leo hawaji. Na vyuo vikuu vya ukanda huu vina nafasi ya kuwapima wanaume wa hapa na kujaza lile pengo la data.

Viongozi wa dini, mashangazi na wazee wanaoitwa kusuluhisha ndoa nao wana swali moja la kuuliza kabla ya kutoa hukumu: je, mume amepimwa? Kama jibu ni hapana, kikao hicho hakina ushahidi wa kumrudisha mtoto wa watu kwao.